Mwaka wa Mota za Mzee Mgonja

Kabla jeneza halijainuliwa, sheikh aliuliza lile linaloulizwa kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze sasa, familia ipo na inasikia. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa, kimya kinapita, wanaume wanajipanga kwenda makaburini. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimepanda basi la asubuhi kutoka Same mpaka Kihurio kwa ajili ya swali hilo tu, na nikajibu kutoka upande wa wanawake, kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokosa nafasi chini ya turubai. Nilisema namdai marehemu, Rajabu, mita ya kupimia umeme, aliyoniibia tukiwa vijana kwenye karakana ya Same. Nikasikia mtu akisema, "Subhanallah, mita?" Mwingine nyuma yake akacheka puani: "Mpare huyo. Wapare kwa kesi hawajambo." Mdogo wake marehemu, mzee Salimu, akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha akasema kwa utulivu, "Tumekusikia, mama. Itatafutwa." Nikaketi. Mikeka ilikuwa imejaa, lakini ghafla pande zote mbili zangu pakawa na nafasi. Sikuona aibu. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri, maana mita nilikuwa nimeisubiri tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na sasa nina magoti yanayolia nikipanda ngazi.

Mwaka wenyewe nausimulia kwa hasira, na msomaji asitegemee nitapoa njiani. Ulikuwa mwaka ambao maduka ya Same yalianza kujaa tena baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Ulikuta sahani za maua, redio za kaseti, viatu vya mitumba vilivyoning'inizwa kwa kamba zake, lakini ukitaka kitu cha kazi, nati ya kipimo fulani au waya wa rangi mbili, uliambiwa nenda Moshi, na Moshi wakakwambia nenda Dar. Karakana yetu ilikuwa ya shirika la umma, ilitengeneza pampu za maji na magari ya serikali, na ilinuka grisi na makande. Makande yalipikwa kila siku kwenye sufuria moja nyeusi nyuma ya stoo, mahindi na maharage, na Rajabu kila siku aliyalalamikia. Rajabu alikuwa fundi umeme mwenzangu. Alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, baba yake alikuja huko kutoka Morogoro kukata mkonge, naye alijifunza umeme kwa baba huyo huyo, kwenye korona, mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge. "Makande tena," alikuwa anasema akikoroga sahani yake. "Ndiyo maana milimani kwenu watu hawacheki." Mimi nilitoka Mhezi, na nilikuwa na cheti cha ufundi redio, na sikuacha siku ipite bila kumkumbusha kwamba ninacho na yeye hana.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Mgonja, Msabato, mtu mpole mwenye vidole virefu ambaye alikuwa hodari wa kuchonga vyuma kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Nyuma ya stoo alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, na humo ndani aliunda kitu ambacho hakukiita mashine. Alikiita "mchezo wangu". Ilikuwa meza ya chuma ambayo juu yake kijiwe cha kuchongea, kile kinachozunguka na kula chuma, kilisogea mbele, nyuma, kushoto na kulia, si kwa mkono wa mtu bali kwa mota, na mota zikiamriwa na kompyuta ndogo iliyoachwa na mzungu mmoja wa kujitolea. Kompyuta hiyo ilichomekwa kwenye televisheni, na programu yake ilisomwa kutoka kwenye kaseti. Alitaka siku moja aweke kipande cha alumini, abonyeze, mezani patoke gia ya pampu. Gia zilikuwa hazipatikani, pampu za wakulima zilikuwa zimelala uwanjani kwetu na majani yameota katikati yake. Tuliruhusiwa kumsaidia kazi zikipungua, na kazi zilikuwa zinapungua kila wiki.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mota. Rajabu alitoa mbili kwenye printa mbovu ya ofisi ya wilaya, zile zinazokwenda hatua kwa hatua: unaipa mota msukumo mmoja wa umeme inapiga hatua moja, unaipa mia inapiga mia, wala haihitaji kuulizwa imefika wapi. Tulifunga penseli badala ya kijiwe, Mzee akabonyeza, na duara likachorwa kwenye karatasi zuri kama la kikombe. Rajabu akapiga makofi. Kisha tukafunga kijiwe na kuweka ubao wa mninga, na duara halikufunga. Kijiwe kilikwama kidogo kwenye ugumu wa mti, mota ikapoteza hatua tatu nne bila habari, ikaendelea kujiamini na kumalizia duara pembeni ya pale lilipoanzia. "Punguza mwendo," Rajabu alisema, "tuweke na gia ya kuipa nguvu, itafika tu." Leo naweza kusema lilikuwa shauri la mtu mwenye akili. Siku ile nilimwambia kwamba mota yake ni kama yeye, inapotea na haijui imepotea, na Mzee akacheka, na nikaona Rajabu hakucheka.

Nilizitaka servo. Mzee alikuwa nazo tatu kwenye sanduku, alizozipata kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha nguo kilichofungwa. Zilikuwa mota za nguvu, nzito mkononi, na kila moja ilikuwa na kimota kingine kidogo mkiani kisichozungusha kitu. Kazi yake ni kusema: nakwenda kasi hii, upande huu. Kisemaji hicho kinaleta habari kwenye draiva, kisanduku cha umeme kinachoilisha mota, na draiva inalinganisha ilichoamuru na ilichoambiwa. Mota ikizembea inaongezewa, ikizidi inapunguziwa, kwa hiyo ikikutana na ugumu wa mti haipotei. Draiva hizo hazikuwapo, ilibidi ziundwe, na mtu wa kuziunda alikuwa mimi. Nilimshinda Rajabu kwa maneno ya kitabuni wiki nzima, mpaka Mzee akasema tufanye servo. Rajabu akapewa mota. Makaa yake, vile vipande vya kupitishia umeme ndani, yalikuwa yameisha, naye akavunja betri kuukuu za tochi, akachukua vijiti vyeusi vya katikati, akavisugua kwa msasa siku mbili mpaka vikaingia sawasawa. Ilikuwa kazi safi. Niliiona, na sikumsifu.

Halafu shirika likatangazwa kuuzwa. Tulikuwa tunakula, Mzee akaweka kijiko chini, akasema kuna bwana kutoka Dar es Salaam anayetaka kuichukua karakana, atakuja kuona watu wake wanaweza nini, na ameshasema anahitaji fundi umeme mmoja. "Mmoja tu, Mzee?" niliuliza. "Mmoja, binti. Nimemwomba abakize wawili, amekataa. Nimemwambia aje aone mchezo, labda atabadili mawazo." Alisema hivyo akitutazama kwa zamu, kama anayeomba tumsaidie. Hatukumsaidia. Kuanzia mchana ule mimi na Rajabu hatukusemeshana tena. Tulikuwa tunasimama katika chumba kimoja, hatua mbili, na yeye anasema, "Mzee, mwambie huyo dada asogeze kiti," na mimi nasema, "Mzee, muulize, kwani yeye hana mikono?" Mzee akachoka. Akatugawa: Rajabu asubuhi kwenye mota, mimi mchana kwenye draiva, tusikutane mezani. Siku moja, nikiwa stoo, niliwasikia kupitia ubao wa ukuta. "Ana kichwa huyu dada," Rajabu alikuwa anasema, "lakini anaongea na watu kama anafukuza mbuzi shambani." Mzee akajibu kitu ambacho sikukisikia, wakacheka wote wawili, na kicheko cha Mzee kiliniuma kuliko maneno ya Rajabu.

Wiki mbili kabla ya mgeni, mita yangu ikapotea. Ilikuwa mita ya mshale, niliyopewa nilipomaliza chuo, na nilikuwa nimekwaruza jina langu nyuma yake kwa msumari: Nakijwa. Sikutafuta chini ya meza wala kwenye stoo. Nilisubiri saa ya kutoka, watu wote wakiwa getini, nikamwambia mlinzi ampekue Rajabu. Mlinzi alisita, nikapaza sauti, akampekua. Mlinzi alitoa kwenye mfuko wa Rajabu kitambaa, kipande cha sabuni, sahani yake ya bati na msuli, akavipanga chini kwenye vumbi mbele ya wafanyakazi. Mita haikuwamo. Rajabu akaviokota kimoja kimoja, akanisemesha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi: "Umenivua nguo mbele ya watu, dada." Nikamwambia nguo zake sina haja nazo, nataka mita yangu.

Bila mita niliendelea. Transista nilizipata Moshi, zile kubwa zenye kofia ya chuma, nikazifunga kwenye vipande vya alumini ili zisipate moto, na nilizijaribu kwa taa za gari badala ya mota, zikawaka na kufifia nilivyotaka. Waya ndiyo ilikuwa shida. Tulikuwa na bunda moja tu la waya wa simu, wa kijivu mtupu, na kwenye waya wa rangi moja hujui upi ni chanya na upi ni hasi. Kwa hiyo ulifunga fundo kwenye ncha ya mmoja. Chuoni tulifundishwa hivyo, miaka ile ya uhaba, na nyaya za visemaji alizofunga Rajabu zilipotokea upande wangu wa meza zikiwa na mafundo yake madogo, yamekazwa vizuri, nilifikiri angalau hilo analijua. Kisha umeme ukakatika. Ulikuwa mwaka wa mgao, na siku tatu nzima kabla ya mgeni hatukuona hata mwanga wa taa. Ukarudi asubuhi ile ile, gari la mgeni likiwa limeshaegeshwa.

Yule bwana alisimama mlangoni na mkoba kwapani, hakutaka kuegemea kitu asichafuke. Mzee alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Nyaya nene za mota zenyewe zilikuwa na rangi za kiwandani na nilishazifunga; nilikuwa nimebakiza kuunganisha visemaji vyake kwenye draiva, na hapo fundi yeyote huzungusha mota kwa mkono na kutazama mshale wa mita unakwenda upande gani, kwa sababu nyaya za kisemaji zikipishana, mota ikienda mbele draiva inaambiwa inarudi nyuma, inaisukuma zaidi, inaambiwa inarudi zaidi, inaisukuma kwa nguvu yote iliyonayo. Ni kazi ya dakika moja. Sikuwa na mita, na Rajabu alikuwa amesimama pale pale kwenye kona, mikono nyuma, na ningeweza kumuuliza. Mzee alisema taratibu, "Umeangalia, binti?" Nikasema, "Nimeangalia." Nikaunganisha penye fundo kwenye hasi, nikawasha.

Mota ilipiga kelele ambayo sijaisikia tena. Meza ikatoka mbio upande mmoja, kijiwe kikapasua alumini na kuvunjika, na Mzee, badala ya kukimbilia swichi, alinyoosha mkono kuushika mchezo wake kama mtu anayemzuia mtoto asianguke. Ikambana vidole kwenye ukingo wa chuma. Rajabu ndiye aliyerukia swichi. Chumba kilijaa moshi wa transista zangu, na damu ya Mzee ilikuwa kwenye shati la kanisani, na yule bwana wa Dar alikuwa ameshafika uani. Alipouliza nani alifunga nyaya za mota, nilikuwa wa kwanza kujibu. Nilisema ni Rajabu. Nikaongeza kwamba amefanya makusudi, kwa kuwa ananichukia na kila mtu hapa anajua. Rajabu aliulizwa. Alisema, "Mimi nimefunga kama ninavyofunga siku zote." Hakuna aliyemuuliza anafungaje siku zote, na mimi sikuuliza. Mchana huo huo aliambiwa achukue vitu vyake. Mimi nikabaki, na kazi ile ilinilisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Mzee alipoteza vidole viwili na akaufunika mchezo kwa gunia, na tangu siku ile alipokuwa ananipa mkono wa salamu, ulikuwa mkono wa kushoto.

Nimemchukia Rajabu miaka yote hiyo, na chuki yangu ilinifaa sana. Nikishindwa kulala, nilikuwa na mtu wa kumfikiria. Niliposikia amefariki Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga alikokuwa anatengeneza pampu za watu, nilifikiria mita.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, wanawake wakapakua pilau, na mimi niliitwa ndani. Mjane, Mwanaidi, alikuwa ameketi sakafuni kwenye chumba cha giza giza, kanga nyeupe kichwani, na mbele yake kasha la bati la vifaa. Alinyoosha kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitambaa. Nikakifungua. Mita yangu, na jina langu nyuma.

"Aliichukua kukukomoa," alisema. "Alitaka uhangaike siku mbili tatu, airudishe Jumatatu. Ulipompekua mbele ya watu akaapa hatairudisha. Ameniambia mwenyewe. Kwa hiyo umesema kweli, dada. Chukua, uende."

Sitaki kuficha furaha niliyoipata. Mwizi alikuwa mwizi. Nikataka kujua kama bado inafanya kazi, maana mimi ni mtu wa aina hiyo, na mita ya mshale kupima volti haihitaji betri ndani yake. Kwenye kona kulikuwa na betri kubwa ya sola inayowasha taa za nyumba. Nyaya zake mbili zilikuwa nyeusi zote, na mmoja ulikuwa na fundo, dogo, limekazwa vizuri. Nikashika ncha ya hasi ya mita kwenye fundo na ya chanya kwenye waya mwingine, kama nilivyofundishwa chuoni. Mshale uligonga kushoto, nje ya namba, ukabaki umejibana huko. Nikazigeuza ncha. Mshale ukapanda kulia, taratibu, ukasimama kwenye volti kumi na mbili. Nilifanya hivyo mara tatu.

"Hili fundo ni la nini?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Fundo ni moto," Mwanaidi alisema. "Baba yake alimfundisha hivyo mkongeni. Kwenye korona kuna mvuke na giza, huoni kitu, unapapasa. Kidole kikikuta fundo, usiguse. Nyumba nzima hii iko hivyo. Na pampu zote za Kihurio."

Kule tulikosomea sisi fundo ni hasi. Kule alikosomea yeye fundo ni chanya. Wiki sita tulifanya kazi kwenye meza moja, mimi na yeye, na sentensi moja ingetosha, yeyote kati yetu angeisema, hata kwa matusi. Niliketi sakafuni mbele yake. Nikamwambia mjane, kwa sauti ya chini, kwamba Rajabu hakuharibu ile mashine. Kwamba nyaya alizifunga sawasawa kwa ufundi wake, na mimi ndiye niliyeziunganisha vibaya, na nilimdanganya Mzee kwamba nimeangalia, na nikasema makusudi wakati sikujua kitu. Nilimwomba msamaha. Nililia pia, na yeye hakulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kasha, akakaza kitasa.

"Asubuhi ulisema mbele ya watu wote," alisema. "Haya ya sasa unaninong'oneza mimi?"

Nikaiviringisha mita kwenye kitambaa chake.

"Mimi nipo eda, siwezi kutoka. Wewe unaweza. Sheikh bado yupo anakula."

Nikatoka na mita mkononi. Jua lilikuwa kali uani, wanaume walikuwa wameketi kuzunguka sinia, wanawake upande wao. Nikasimama pale pale niliposimama asubuhi. Mtu aliyeniona kwanza akasema, "Amerudi na kesi nyingine," na wachache wakacheka. Mzee Salimu akaacha mkono kwenye sinia. Nikamwita sheikh, nikamwambia lile swali lake la asubuhi nimelijibu vibaya. Nikasema mimi ndiye ninayedaiwa na marehemu, nikaeleza ninadaiwa nini, kuanzia waya mpaka vidole vya Mzee Mgonja, kwa sauti ile ile iliyofika nje ya turubai. Nikamaliza. Nilisubiri mtu aniambie nimesamehewa, nikasimama muda mrefu nikisubiri, halafu nikaona watu wameanza kula tena.